Insha ya Safari na Milima ya Rwanda

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyeijua insha ya safari. Huanza alfajiri, jogoo la kwanza liwikapo. Mwandishi huamka kabla ya wenzake wote, huoga, hupiga mswaki, hunywa chai, kisha hupanda gari. Njiani huona "mandhari ya kupendeza". Akifika, hupata "furaha isiyo kifani". Jua likitua hurudi nyumbani hoi kwa uchovu, na humaliza kwa kuahidi kwamba siku hiyo hataisahau maishani mwake. Sarufi yake aghalabu ni safi, methali zake zimepangwa vizuri, na alama zake ni nyingi. Dosari yake ni moja tu: ukilifuta jina la mahali na kuandika jina lingine, hakuna sentensi itakayohitaji kubadilishwa.

Katika makala haya twakusudia kuihakiki insha hiyo. Hatutaki kumcheka mwanafunzi, maana mwanafunzi hakuibuni. Aliipokea kwetu sisi walimu wake. Twataka kuipima kwa njia moja ya miguu, katika nchi moja ndogo, ili tuone ni sehemu gani ya nchi hubaki nje ya daftari.

Nchi yenyewe ni Rwanda. Eneo lake ni kilomita za mraba 26,338. Tanzania yaizidi zaidi ya mara 35. Msafiri wa basi aweza kuingia kwa mpaka wa mashariki asubuhi na kulala karibu na mpaka wa magharibi usiku ule ule. Kwa sababu hiyo wanafunzi wetu wengi huamini kwamba nchi yao imekwisha kuonekana. Mmoja wao alipata kutuambia, tulipotoa kazi ya insha, kwamba hana la kuandika kwa kuwa "nchi ni ndogo, mwalimu, na kila mtu anaijua." Kauli hiyo ilitukaa moyoni, nayo ndiyo iliyotupeleka njiani.

Kando ya ziwa Kivu ipo njia ya watembeao kwa miguu na ya waendeshao baiskeli, ambayo vijitabu vya watalii huiita Congo Nile Trail, yaani Njia ya Kongo na Nili. Huanzia Rubavu kaskazini, hupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, na kuishia Rusizi kusini. Urefu wake ni kilomita 227, na mtembea kwa miguu huhesabiwa siku kumi kuimaliza. Jina lake latokana na ule mgongo wa milima ugawao maji ya nchi: yaangukayo mashariki ya mgongo huenda mto Nili, na yaangukayo magharibi huenda mto Kongo. Lakini aliyeikanyaga atagundua jambo ambalo jina halisemi. Sehemu kubwa ya njia haipiti juu ya mgongo huo, bali hufuata ziwa. Vijito avivukavyo karibu na ufuo huingia Kivu; Kivu hutoa mto Rusizi; Rusizi huingia Tanganyika; na Tanganyika humwaga maji yake kwa mto Lukuga hata Kongo. Basi mtoto achotaye maji ya kijito cha Karongi ameshika maji yanayokwenda bahari ya Atlantiki. Haya yamo katika vitabu vya jiografia, ila hatujapata kuyakuta katika insha ya safari hata moja.

Sisi hatukuitembea njia yote. Tulichukua wanafunzi wachache, kwa idhini ya wazazi wao, tukatembea siku mbili kutoka mji wa Karongi kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Ilikuwa mwezi wa Mei, kahawa ikiiva. Tuliporudi tuliwapa kazi waliyoitarajia, nao wakaandika. Katika madaftari hayo twachagua mawili, bila ya kuwataja wenyewe, kwa sababu yote tutakayosema hapa yametokana nayo.

Insha ya kwanza ilikuwa ya mwanafunzi hodari. Alirauka alfajiri ingawa sote tulijua kwamba tulimgongea mlango. Aliona "milima iliyojipanga kama askari wa gwaride" na ziwa "lililotulia tuli kama maji mtungini". Alisikia ndege wakiimba "nyimbo tamu za kumtukuza Muumba". Hakukosea hata ngeli moja. Tulimpa alama 17 katika 20, tukaandika kwa wino mwekundu: Vema sana.

Insha ya pili ilikuwa fupi, nayo ilijaa makosa ya sauti ya l na r, ambayo kila afundishaye wasemaji wa Kinyarwanda anayajua. "Turipita kwa kahawa," aliandika. "Kahawa irikuwa nyekundu. Akina mama warikaa kwa meza ndefu wakichagua mbaya na nzuri. Mmoja arisema mikono yake inanuka kahawa hata kanisani." Kisha akaandika kwamba kibao cha barabarani kilisema Karongi, mzee wa dukani alisema Kibuye, na bibi mmoja alisema Bwishaza, "na wote watatu wako mahari pamoja." Mwisho aliandika juu ya bibi huyo: kwamba tulimwuliza jina la mlima ulio juu ya nyumba yake, akautaja, tukamwuliza kama kuna njia ya kuupanda, akakaa kimya, kisha akasema, "Njia iko. Mwezi huu hatupandi kutembea." Mwanafunzi alimalizia hivi: "Sikuuriza tena." Tulimpa alama 9. Tukaandika: Zingatia matamshi na tahajia, hadithi haina mwisho.

Ni baada ya majuma kadhaa tulipoyasoma tena madaftari hayo mawili, tukaona haya.

Tuanze na insha ya kwanza. Tamathali zake si mbaya kwa sababu ni za zamani. Ni mbaya kwa sababu hazikuona kitu. Ziwa Kivu halitulii kama maji mtungini wakati wa jioni. Wakati huo wavuvi huondoka ufuoni na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiwa na taa za kuwavutia samaki wadogo waitwao sambaza, na huimba wapigapo makasia ili mikono iende pamoja. Mwanafunzi wetu alikuwapo. Alisimama ufuoni pamoja nasi akazisikia nyimbo hizo. Lakini nyimbo za wavuvi hazimo katika orodha ya misemo aliyokariri, bali nyimbo za ndege zimo. Kwa hiyo aliandika ndege. Laiti angeuliza, angeambiwa pia kwamba hao sambaza si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandikizwa. Kitoweo anachokiona kuwa cha asili kwao hakijatimiza hata miaka mia.

Ama insha ya pili, hebu tuipime kwa kitu kingine kisichokuwa kalamu nyekundu. Kiswahili kina habari za safari za zamani, na twashangaa jinsi tunavyozisahau tufundishapo insha. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alisimulia safari ya Udoe na Uzigua pamoja na mila za Wadoe. Wasimulizi hao walikwenda kwa miguu, na usimulizi wao una mwendo wa miguu. Hutaja majina ya mahali na ya wakuu wake; hueleza kilichodaiwa, kilicholiwa na kilichoogopwa; husema wenyeji hufanya nini harusini na mazishini. Hawapotezi wino kusifu mandhari. Kwao mlima ni kitu kinachopandwa, na mto ni kitu kinachovukwa au kinachozuia.

Hatutaki kuwasifu kupita kiasi. Habari zao zilikusanywa na Mjerumani kwa matumizi ya Wajerumani, na safari za bara za zama zile haziwezi kutengwa na biashara ya pembe na ya watumwa. Mara nyingine humtazama mtu wa bara kwa jicho la mtu wa pwani ajionaye kuwa mstaarabu zaidi. Walakini katika jambo moja wao ni walimu wetu: walijua kwamba msafiri ni mtu anayeuliza. Na kwa kipimo hicho, mwenye alama 9 ndiye aliyeandika habari ya safari. Aliandika kazi ya mikono, akaandika majina matatu ya mahali pamoja, akaandika na swali lililokosa jibu.

Majina hayo matatu yanastahili kufafanuliwa, maana ndani yake mna historia nzima ya utawala. Kibuye lilikuwa jina la mji na la mkoa hadi mageuzi ya mwaka 2006 yalipoigawa nchi upya katika mikoa mitano, Kigali ikiwamo, na wilaya thelathini. Tangu hapo Karongi ndilo jina la wilaya. Bwishaza ni jina la kale zaidi, la sehemu ya nchi kabla ya mikoa na wilaya hizi, kama vile Bugoyi lilivyo jina la pande za Rubavu, na Kinyaga la pande za Rusizi. Katika vijitabu vya njia majina haya ya kale hayapewi nafasi kubwa. Lakini mtu akitembea polepole huyakuta hai midomoni mwa wazee, na hugundua kwamba nchi ndogo ina nchi nyingi ndani yake. Basi hupita kwenye lami ya kando ya ziwa, nalo husimama kwenye majina ya vibao tu.

Twafika sasa kwenye ule mwisho ambao tuliuita si mwisho. Milima ya Bisesero imo katika wilaya hiyo hiyo ya Karongi, juu ya ziwa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, maelfu ya watu walikimbilia huko, wakapigana kwa mawe na mikuki dhidi ya waliokuwa na bunduki, tangu Aprili hadi Juni. Mashambulio makubwa mno yalifanyika katikati ya mwezi wa Mei. Leo pana mahali pa kumbukumbu, ambapo mwaka 2023 palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi. Bibi yule hakutuambia kwa nini mwezi wa Mei hawapandi kutembea, nasi hatutamsemea. Lakini mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1994 alijua kwamba pana swali ambalo mgeni haulizi mara ya pili, akajua pia kuliandika hilo bila ya kulipamba. "Sikuuriza tena." Sisi tuliisoma sentensi hiyo tukaona r tu.

Hapa ndipo insha ya mandhari inapotoka katika kuchosha na kuingia katika uwongo. Milima "iliyojipanga kama askari wa gwaride" ni tamathali isiyodhuru mahali pengine. Chini ya Bisesero, katika mwezi wa Mei, ni tamathali ambayo mwalimu angepaswa kuisimamisha na kuiuliza. Hatusemi kwamba kila insha ya Rwanda iwe insha ya msiba. Kahawa ni nyekundu, sambaza ni watamu, na vijana wanacheka njiani kama vijana wa popote. Tunachosema ni kwamba neno lisilojua limekaa wapi laweza kumjeruhi msikilizaji bila ya msemaji kujua.

Liko na suala la lugha yenyewe. Njia hii ina sifa moja ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipuuza. Ncha zake mbili ni za Kiswahili: Rubavu yapakana na Goma, na Rusizi yapakana na Bukavu, na katika masoko ya miji hiyo Kiswahili husikika kila siku. Katikati ni milima ya Kinyarwanda. Mtembeaji huanza kwa "habari gani", hukaa siku nyingi katika "mwaramutse" na "mwiriwe", kisha huibukia tena katika "habari gani". Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini sheria haiwezi kukipandisha mlimani.

Yafaa tukumbuke kilivyofika. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani haikuzoea kupita katika ufalme wa Rwanda. Gustav Adolf von Götzen alipoivuka nchi mwaka 1894, akafika mbele ya mfalme Rwabugiri na kisha Kivu, wapagazi wake walitoka pande za pwani. Na baadaye Kiswahili kikaja pamoja na askari, makarani na wachuuzi wa utawala wa Kijerumani. Kilifika kwa miguu, lakini kilifika kikiamuru. Haistaajabishi basi kwamba kwa muda mrefu watu wengi wa milimani walikiona kuwa lugha ya mjini, na kwamba jina la Mswahili lilipata kwao maana ya mtu mjanja. Mwanafunzi anapotembea mlimani akiwauliza wazee habari kwa Kinyarwanda, kisha akarudi kuziandika kwa Kiswahili ili msomaji wa Kigoma au wa Lamu azielewe, analipa lugha yetu kazi ambayo hapo mwanzo haikupewa.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Chukua neno umusozi. Tukilitafsiri "mlima" tumesema nusu tu, kwa maana umusozi ni ardhi iliyoinuka na pia ni jumuiya ya watu waishio juu yake. Kwa miaka mingi nyumba za Rwanda zilitawanyika milimani, kila moja katika shamba lake, na mtu alijulikana kwa mlima wake kama wengine wanavyojulikana kwa kijiji. Twashauri mwanafunzi aandike "mlima", kisha aeleze kwa sentensi moja maana ya mlima huo kwa wakaao juu yake. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambayo ziwa Kivu laihitaji sana, nasi hatuifundishi kwa kuwa twaidhani ni mali ya bahari: ghuba, rasi, mlango, ufuo, kisiwa, kasia, chelezo, mawimbi, ng'ambo. Mwanafunzi aliyeandika "maji yaliingia ndani ya nchi kavu kama kidole" alikuwa akitafuta neno ghuba. Tulikuwa nalo, hatukumpa. Tulimfundisha "tulivu kama maji mtungini" badala yake.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wenzetu mambo manne watakapotoa na kusahihisha insha ya safari. Kwanza, mwanafunzi ataje majina ya mahali kama wenyeji wayatajavyo, na kama ni mawili au matatu, ayaandike yote. Pili, awepo angalau mtu mmoja aliyeulizwa jambo, na jibu lake liwepo. Tatu, iwepo kazi ya mikono iliyoelezwa hatua kwa hatua, iwe kuchagua kahawa, kutengeneza wavu au kuchuma chai, kwa sababu hapo ndipo msamiati hukua kweli. Nne, mwanafunzi aruhusiwe kuandika asichokijua na alichonyimwa kukijua, na mwalimu asidai mwisho wa hadithi ambayo wenyewe hawajaimaliza.

Yupo mwenzetu atakayesema kwamba mtihani haupimi hayo, bali wapima sarufi, tahajia na ufasaha. Hoja hiyo twaikubali nusu. Makosa ya l na r ni makosa, na hatuna budi kuyasahihisha. Mwanafunzi yule alistahili kufundishwa kuandika "sikuuliza". Lakini kusahihisha herufi na kupuuza jambo ni sawa na kupangusa kibao cha njia bila ya kusoma kilichoandikwa. Atasema pia kwamba shule nyingi hazina fedha za safari. Hilo halihitaji fedha. Milima haiko mbali na shule yoyote ya Rwanda, na waalimu wa Bujumbura, wa Kabale au wa Uvira wana miinuko yao na wazee wao. Mwendo wa saa mbili watosha.

Wanyarwanda wana methali isemayo "Akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze", yaani kidege kisichoruka hakijui mavuno yameiva wapi. Nasi Waswahili twasema kutembea kwingi ni kuona mengi. Methali hizi mbili tumezifundisha kwa miaka mingi kama pambo la kufungulia insha, huku mwanafunzi akiwa ameketi darasani.

Tulilirudisha daftari lile la pili kwa mwenyewe. Tulimwonyesha kila r iliyopaswa kuwa l, akazirekebisha moja moja. Kisha tukaifuta kauli yetu juu ya mwisho wa hadithi, na tukambadilishia alama. Alitazama kwa muda, akauliza kama aongeze sentensi ya kufunga, kwamba siku hiyo hataisahau maishani mwake. Tulimwambia si lazima.